Neema, chavua ya nyanya zako inaungua

Neema shoga yangu,

Salamu nyingi, huku sote wazima. Umeniuliza mbona nyanya zako zinapukutisha maua kila joto likipamba moto, na muuza pembejeo kakupa mbolea nyingine. Weka hela yako kwanza. Mimi naishuku chavua, ule unga wa kiume wa ua.

Unaijua mbelewele ya mahindi ikikomaa, vumbi lake, yaani chavua, ni la manjano. Rangi hiyo inatokana na flavonoli, kemikali ambazo mmea hujitengenezea wenyewe. Sasa kuna mahindi yenye hitilafu kwenye jeni mbili za kazi hiyo, chavua yake hutoka nyeupe pe. Ukiinyunyiza kwenye ndevu za mmea uleule, hupati punje. Ipeleke kwenye ndevu za mahindi ya kawaida, gunzi linajaa! Maana yake jike anamkopesha dume alichopungukiwa. Mwaka 1992 watafiti walilithibitisha hilo kwa petunia, yale maua ya bustani: walitia kempferoli, flavonoli mojawapo, kidogo mno, na chavua iliyokuwa imegoma ikaota mrija wake kulifuata yai. Miye habari hii hainichoshi.

Usiishike kama sheria ya kila mmea, lakini. Arabidopsi, kimmea kinachopendwa maabara, kikiwa na hitilafu ya jeni hukosa flavonoli zote na bado kinazaa mbegu.

Kwenye nyanya ndipo panapokuhusu. Joto likizidi, ndani ya chavua hurundikana kemikali kali za oksijeni zinazoiunguza. Flavonoli huzizima. Mwaka 2018 watafiti wa Wake Forest, Marekani, walilinganisha nyanya za kawaida na zile zenye upungufu wa flavonoli. Kwenye nyuzi 34 chavua ya hizo pungufu iliumia zaidi: iliota kwa shida, na mirija mingi ikapasuka. Ila hata nyanya zisizo na upungufu huo zina kikomo chao, na usiku wa joto nao unazipunguzia matunda. Wekundu wa tunda usikudanganye, hausemi lolote kuhusu chavua.

Kwa hiyo msimu ujao tafuta mbegu inayostahimili joto, na upange kusia ili maua yachanue miezi ya baridi. Kama huwezi kungoja, jaribu kivuli chepesi cha neti kwenye matuta machache, uyalinganishe na mengine. Niandikie ulipanda mbegu gani na maua yalianza kudondoka mwezi upi. Mama msalimie sana.

Wako,
Rehema