Mgeni asiachwe na biskuti siku ya Krismasi

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wakazi wenzangu wa Dodoma kabla sikukuu haijafika.

Mwaka 2018 nilipelekwa London kwa mafunzo ya uuguzi ya wiki sita. Krismasi iliangukia Jumanne. Wenzangu wa kozi walikwenda makwao, hosteli nzima nikabaki mimi na mlinzi. Waliotualika walitupa kitabu kinene cha maelekezo, lakini hakikuwa na mstari hata mmoja wa kutuambia kwamba tarehe 25 Desemba mji ule husimama. Nilijifunga kitenge juu ya sweta mbili, nikaenda kusubiri basi la kanisani. Nilisimama nusu saa kwenye baridi. Kumbe siku hiyo hakuna basi, wala treni za chini ya ardhi hazitembei. Maduka makubwa nayo yamekatazwa kufungua, kwa sheria ya mwaka 2004. Nikatembea kwa miguu saa nzima.

Njiani niliwaza kwetu Kongwa. Saa hizo watoto wanazunguka na nguo mpya, sahani ya pilau inavuka kwenda kwa jirani Mwislamu, na kama mvua ilinyesha usiku, kumbikumbi wametoka. Nililia barabarani, mtu mzima.

Baada ya ibada bibi mmoja mwenye mkongojo aliniuliza, "Leo unakula wapi?" Nikamwambia nina mkate na mayai. Hakusema neno, alinishika mkono tu, tukaondoka. Mezani kwake palikuwa na bata mzinga na vikabichi vidogo vyenye ukubwa wa ndimu, na kila mtu alivaa kofia ya karatasi. Saa tisa alasiri wote walinyamaza kumsikiliza Malkia kwenye televisheni. Huku nyumbani ilikuwa saa kumi na mbili jioni, mwanangu akapiga simu. Bibi aliomba amsalimie, nikamfundisha aseme "Mbukwenyi", salamu yetu ya Kigogo. Alirudia mara tatu mpaka ikatoka vizuri. Saa kumi haijafika, jua limeshazama. Kijana wake akanirudisha hosteli kwa gari.

Sasa nisikilizeni. Krismasi iliyopita, nikitoka kanisani hapa mjini, nilimkuta kijana mgeni ameketi kwenye ngazi za nyumba ya kulala wageni akila biskuti. Alikuwa anaelekea Kolo kuona michoro ya miambani ya Kondoa. Mpishi alikuwa amepewa ruhusa, na kijana hakuambiwa mapema. Watu tuliovaa vizuri, wenye kuku jikoni, tulikuwa tunampita! Nilimchukua, akala nasi hadi usiku.

Wenye nyumba za wageni, mwambieni mgeni tangu tarehe 23 kwamba jiko litafungwa, na mumwelekeze pa kula. Viongozi wa makanisa, Jumapili ya mwisho kabla ya sikukuu tangazeni kwamba atakayemwona mgeni ibadani amuulize swali lile la yule bibi. Na sisi wenye nyumba tuongeze sahani moja.

Mimi mwaka huu nitapika kilo tatu za mchele badala ya mbili. Nyumba ya wageni iliyo jirani nami nimeshawaachia namba yangu ya simu.

Muuguzi mstaafu,
Kikuyu, Dodoma