Mwana hiti si wa kuchezea watoto

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako zaidi ya miaka 20 bila kukuandikia hata mstari. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Ile habari yenu ya wiki iliyopita, ya vifaa vya kale kuingizwa kwenye kompyuta, ni habari njema, lakini chini ya picha ya pili mmeandika: "Mwanasesere wa watoto, mti, Pwani." Yule ni mwana hiti, sanamu ya mti anayokabidhiwa mwali. Wazaramo hawakumchonga ili watoto wachezee.

Najua hamkutunga wenyewe, mmenakili kadi ya kile kifaa. Kadi hiyo naijua. Mwaka jana nilimpeleka mjukuu wangu kwenye maonyesho fulani hapa mjini, nikakuta mwana hiti ndani ya kioo na maneno hayohayo. Nilimwita kijana aliyekuwa zamu. Akaniamkia vizuri, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Bibi, fomu ina sehemu ya jina, mali ghafi, vipimo na mahali. Ya matumizi haipo." Nikamwambia, mwanangu, mimi wangu nilikabidhiwa Kisarawe nilipokuwa mwali. Hana mikono wala miguu, ana vishungi viwili kichwani, urefu wake haufiki kiganja na vidole vyangu. Siku zote nilizofungiwa ndani nilimwogesha, nikampaka mafuta ya nyonyo mpaka mti ukawa mweusi unang'aa, nikamlaza ubavuni. Asubuhi kungwi akiingia, anamtazama yeye kwanza ndipo ananitazama mimi. Akimkuta mkavu, nimekaripiwa. Nilikuwa nafundishwa kulea kabla sijazaa. Mengine niliyofundishwa siyaandiki hapa, maana hayakusemwa kwa kila mtu, na hilo nalo lilipaswa kuwamo kwenye kadi! Mjukuu wangu alikuwa ameshika mkono wangu, anasoma kwa sauti: "Mwanasesere wa watoto." Nikaona aibu kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nasema uongo.

Nimefanya kazi maktaba, najua uorodheshaji. Katika mfumo wa MARC tunaotumia kwa vitabu, sehemu ya 521 ni ya kuandika kitabu kimekusudiwa nani. Dublin Core, mfumo mwingine wa kuorodhesha vitu kwenye kompyuta, ilianza na vipengele 15, mlengwa hakuwamo, wakaja kumwongeza baadaye. Kwa hiyo kitabu cha darasa la pili kinaandikiwa ni cha nani, lakini kitu alichokabidhiwa msichana siku anapovunja ungo kinaandikiwa sentimita tu.

Na kanga je? Nimeona kanga imeorodheshwa "kitambaa cha pamba, chekundu", nusu doti, imekunjwa hata jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, halionekani kwenye picha. "Japo sipati tamaa sikati" haikununuliwa kwa ajili ya wekundu wake. Kuna mtu alikusudiwa aisome, pengine jirani, pengine mume, na aliyeivaa alipita mbele ya mlango wake makusudi. Ukiacha jina, umeacha kanga yenyewe.

Ninachoomba ni hiki. Fomu iongezwe mistari mitatu: kilitengenezwa kwa kazi gani, kilitengenezwa kwa ajili ya nani, na nani hakupaswa kukiona. Kadi zote za vitu vya unyago zitolewe kwenye kompyuta kwa muda, zichapwe kwa herufi kubwa, zipelekwe Kisarawe na Maneromango, wasomewe makungwi ambao bado wako hai. Waende wasichana, si wavulana, na waende Alhamisi baada ya adhuhuri, shamba likiwa limeshaachwa. Nauli na chakula cha wale bibi vilipwe siku hiyohiyo, wasiambiwe warudi kesho. Mwana hiti wangu ninaye bado, sandukuni, ndani ya kanga ya kisutu. Wakija na fomu yenye mistari hiyo mitatu, nitawaonyesha.

Bibi wa Temeke,
Dar es Salaam