Makala ya mitishamba ya safari imetupa majina, vipimo viko wapi?

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua.

Nimeisoma ile makala yenu ya dawa za asili za kubeba safarini na kwa kweli mwanzoni niliifurahia, maana mi mwenyewe ni mtu wa mitishamba na begi langu halikosi kifuko cha majani makavu. Ila nilivyofika mwisho nikajiuliza, sasa huyu msomaji afanye nini? Tangawizi kwa kichefuchefu, mnanaa kwa tumbo, karafuu kwa jino, shubiri kwa ngozi, sawa, hayo hata mtoto anayajua. Kiasi gani? Anywe saa ngapi? Nani asiguse kabisa? Hakuna. Yaani ni kama kumpa mtu funguo bila kumwonesha mlango, alafu akikosea mnasema dawa ya asili haina madhara.

Tuanze na hio tangawizi maana ndio kila mtu anaibeba. Wengi wanaikumbuka gari likishaanza kona na tumbo limeshavurugika, hapo ushachelewa bana. Inatakiwa uitumie nusu saa mpaka saa moja kabla hamjaondoka, unga mkavu kama nusu kijiko cha chai hivi kwenye maji ya moto, ni kama gramu 1, kwa mtu mzima inatosha. Na tuambiane ukweli, kwa kichefuchefu cha mimba ushahidi wake ni mzuri kuliko kwa kichefuchefu cha gari, kwa hiyo ukiona haikusaidii usijione una mwili wa ajabu. Kaa mbele, angalia mbali nje, na simu weka mfukoni, manake utamkuta mtu ametafuna tangawizi mpaka midomo inawaka lakini macho hayabanduki kwenye video, atapona saa ngapi? Alafu mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarin asijimiminie vidonge vya tangawizi au kitunguu saumu bila kumuuliza daktari wake, hili makala haikugusa kabisa.

Mnanaa nao. Kwa gesi na tumbo kubana ni mzuri kweli, mafuta yake yanalegeza misuli ya utumbo. Lakini kulegeza huko huko kunafika mpaka kwenye kile kizuizi kilichopo kati ya koo la chakula na tumbo, ndo maana mwenye kiungulia akinywa kikombe kikali baada ya kula anazidi kuungua kifua, na yeye anadhani ni chakula cha njiani. Na wale wanaopaka dawa za mentholi chini ya pua ya mtoto mchanga eti apumue vizuri kwenye ndege, tafadhali acheni, kwa mtoto mdogo inaweza kumfanya abanwe pumzi badala ya kumfungua. Mafuta ya mkaratusi hivo hivo, kuvuta mvuke ukiwa mkubwa ni jambo moja, mtoto kuyameza ni sumu, inaweza kumletea degedege. Kichupa kikae mbali na mikono midogo, sio kwenye mfuko wa pembeni wa begi pamoja na biskuti.

Jino ndio naona makala ilichemka zaidi, imesema tu "tumia mafuta ya karafuu". Mafuta matupu ukiyamwaga kwenye fizi yanaunguza! Bora ubebe karafuu zenyewe nzima, kavu, haziharibiki wala hazimwagiki, unachukua punje moja unaiweka kando ya jino linalouma, unaiacha ilowane na mate mpaka ilainike, ndo unaibana taratibu. Utasikia kwanza ukali, alafu ganzi. Hio ganzi inatoka kwenye kitu kinaitwa yujenoli na inakupa muda tu wa kufika kwa daktari wa meno, jino haliponi.

Shubiri kwa ngozi iliyoungua na jua naikubali, ila jani likikatwa linatoa utomvu wa njano chini ya ganda, huo sio ute. Simamisha jani sehemu iliyokatwa ikiangalia chini, acha njano ichuruzike yote, kisha osha ndo upasue uchukue ule ute mweupe unaopitisha mwanga. Wapo wanaounywa ule wa njano, huo ni dawa kali ya kuharisha na Marekani waliuondoa kwenye dawa za kulegeza choo za kujinunulia tangu mwaka 2002. Na wakati tuko kwenye jua, ukikamua ndimu ukiwa ufukweni nawa mikono kabla hujarudi juani, maji ya ndimu pamoja na jua kali yanaacha malengelenge na madoa meusi ya wiki kadhaa.

Choo kigumu cha safarini, sanamaki. Inafanya kazi baada ya masaa 6 mpaka 12 kwa hiyo piga hesabu, usinywe jioni kama usiku mzima uko ndani ya basi, na isizidi wiki moja. Sina zaidi ya hapo.

Kuharisha sasa. Makala imejaza majani ya kufunga tumbo lakini pakti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, hazijatajwa hata moja, na mtu anayeharisha kinachomuua ni kuishiwa maji. Kama pakti hamna, lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vipigwe usawa visiwe na kilima, chumvi ikizidi inakuwa hatari hasa kwa mtoto. Chai za mitishamba unywe juu yake ukipenda. Ukiona damu, au homa kali, au mtoto amelegea, hapo ni hospitali.

Kilichonifanya niandike hasa ni ile sentensi ya pakanga, yaani artemisia, eti ubebe majani yake unywe chai kuzuia malaria. Hapana jamani. Ni kweli dawa ya malaria ya artemisinini ilitokana na mmea huo na Tu Youyou wa China alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hio, lakini dawa iliyopimwa kiwandani na majani uliyochemsha kwenye chupa ya chai ni vitu viwili, kwenye majani kiwango ni kidogo na kinabadilika badilika. Shirika la Afya Duniani (WHO) halipendekezi majani hayo wala chai yake kwa kuzuia au kutibu malaria na limerudia hilo mwaka 2019. Homa ya malaria kwa kawaida haianzi kabla ya siku 7 tangu kuumwa na mbu, na inaweza kuja miezi baadae ukiwa umesharudi nyumbani umesahau kila kitu, kwa hiyo ukipata homa pima na mwambie daktari ulikuwa wapi. Kufukuza mbu sawa, zipo dawa za kupaka zenye PMD inayotokana na mkaratusi wa limau na zinafanya kazi, ila mtoto wa chini ya miaka 3 asipakwe, na mafuta ya mchaichai yanaruka haraka sana kwenye ngozi hivyo usiyategemee usiku kucha.

La mwisho ni forodha. Unga usio na jina kwenye kijimfuko cha plastiki, we mwenyewe fikiria afisa anaona nini. Beba kwenye pakiti yake ya dukani yenye lebo, vimiminika vya kwenye begi la mkononi visizidi mililita 100 kwa chupa, na ukienda Australia au New Zealand tamka kila jani na kila mbegu ulizonazo maana faini zao sio za mchezo. Chai ya koka, mmea ule ule unaotoa kokeini, wanayokunywa Peru kwa ajili ya kuumwa na kimo cha milima mirefu, kunywa huko huko, usirudi nayo, nchi nyingi ni kosa na hata kipimo cha dawa za kulevya kinaweza kukukamata.

Ombi langu mhariri, mwandishi wenu arudie makala hio akiweka kiasi, muda na nani asitumie mbele ya kila mmea, na aanze na wajawazito na wanaonyonyesha, maana toleo lile lote halikuwataja hata sehemu moja.

Msomaji wenu wa siku nyingi