Mwenza akihamia kwako deni halihamii kwake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongelee hii tabia ya maafisa mikopo wa huku mitaani, mana imezidi. Mtu kakopa akiwa anaishi peke yake, biashara ikayumba, akaenda mwenyewe ofisini wakakaa wakakubaliana apunguziwe rejesho ili alipe kidogo kidogo, ikaandikwa na analipa vizuri tu. Siku wakisikia kuna mwanaume kahamia pale basi makubaliano yote yanakufa, utasikia "sa hivi mko wawili, rudi kwenye rejesho la zamani", na huyo mwenza anaambiwa asaini udhamini wa mkopo ambao hajala hata shilingi yake.

Limemkuta mdogo wangu, mama lishe hapa Temeke. Alikua ameshushiwa rejesho mpaka elfu 20 kwa wiki baada ya kuuguliwa na mtoto. Mwenzake ni bodaboda na pikipiki yenyewe ya mkataba, kila jioni hesabu inaenda kwa tajiri, alafu kaja na mwanae wa darasa la tatu. Sasa hapo kipato kimeongezeka wapi? Kodi wanachangia ndio, ila mchele, mkaa, madaftari na nauli ya mtoto vyote vimepanda. Afisa hakuuliza hata kimoja, alihesabu vichwa tu. Rejesho lilipopelea wakaja na wanakikundi wakabeba friji, na lile friji ni la yule kijana, risiti ina jina lake, akawaonyesha na wakabeba hivyohivyo majirani wanaangalia.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa peke yake haibadilishi umiliki wa mali, chako kinabaki chako. Kama waliofunga ndoa wanalindwa hivyo, hawa waliohamiana juzi tu ndo wabebeshane madeni? Hata ile dhana ya ndoa ambayo watu wanapenda kuitaja, yani kuhesabiwa mmeoana bila kufunga ndoa, inataka muwe mmeishi pamoja miaka 2 au zaidi na watu wawatambue kama mume na mke, na bado inaweza kupingwa mahakamani. Mdaiwa ni alosaini, na mdhamini aliyekubali kwa hiari yake, basi.

Sisemi watu wasilipe. Kama mwenza kweli ana kipato na kodi imepungua, mdaiwa aende mwenyewe akaseme naweza kuongeza, deni liishe mapema apumue. Na nyie mnaohamiana onyeshaneni daftari za marejesho kabla godoro halijaingia ndani, wengi wanakuja kujua siku afisa anagonga mlango na hapo ugomvi wake hauishi leo. Vitu alivyokuja navyo kila mtu viandikwe, nakala moja apelekewe mjumbe.

Ombi langu ni kwa Benki Kuu, ambayo ndo inasimamia hizi taasisi chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Iagize kwamba rejesho mlilokubaliana kwa maandishi lisipandishwe mpaka mkae tena na mdaiwa mpige hesabu ya mapato na matumizi ya nyumba nzima, na mali ya asiyekopa isiguswe. Na waliokwisha kubebewa vitu vya wenza wao waambiwe wazi risiti zao wazipeleke ofisi gani.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam