Mtoto mdogo msimnunulie gitaa la mtu mzima

Ndugu mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongee na wazazi wenzangu kuhusu magitaa ya watoto, maana hili jambo linaniuma. Nafundisha watoto gitaa hapa Morogoro, mji wa wanamuziki Mbaraka Mwinshehe na Salum Abdallah, kwa hiyo wazazi wenye hamu ya kuona mtoto wao kashika gitaa hawakosekani na hela wanatoa, shida ni wanachonunua.

Mtoto wa miaka saba analetwa na gitaa la mtu mzima, lile la karibu mita moja, tena la nyuzi za chuma, ukimuuliza mzazi anakwambia atakua nalo, kama sare ya shule inavyonunuliwa kubwa. Sare ikipwaya unakunja mikono mtoto anaenda shule. Gitaa likiwa kubwa halikunjwi, mkono wa kulia inabidi upande juu ya lile boksi, yaani tumbo la gitaa, mpaka bega linakaribia sikio, wa kushoto umenyooka wote na bado haufiki vizuri kule mwisho wa shingo ambako ndo kodi za kwanza, yaani nyuzi kadhaa kulia kwa pamoja, zinapigwa, halafu vidole laini vinakandamiza waya wa chuma mpaka ncha zinabaki na mistari myekundu. Wiki chache tu mtoto hataki tena na nyumbani wanasema hana kipaji. Jamani kipaji hapo hakijapimwa kabisa, kilichopimwa ni uvumilivu wa maumivu.

Magitaa ya watoto yapo. Kuna saizi ya nusu, inawafaa wengi wa miaka mitano mpaka saba, kuna robo tatu kwa wa nane mpaka kumi au kumi na moja hivi, baada ya hapo wengi wanaweza kubwa kamili. Lakini miaka isikudanganye, watoto hawalingani, nenda naye dukani akae kwenye kiti, apakate gitaa, kiwiko cha kushoto kibaki kimekunja kidogo wakati vidole vimefika freti ya kwanza, kile kijichuma cha kwanza kule mwisho wa shingo. Kama hafiki chukua dogo zaidi hata muuzaji aseme nini.

Nyuzi anzeni na nailoni. Ni laini na hazimkati mtoto, na shingo ya gitaa la nailoni ni pana, vidole havibanani. Ila msije mkavua nailoni mkafunga chuma kwenye gitaa hilohilo eti litoe sauti kali, nimeshaona mengi yameharibika hivyo. Nyuzi sita za nailoni kwa pamoja zinavuta kama kilo 40, za chuma zinaweza kupita kilo 70, gitaa la nailoni halijajengwa kubeba huo mvuto, kile kibao kilichoshika nyuzi kwenye boksi kinaanza kubanduka na shingo inapinda.

Dukani usiangalie rangi na mng'ao. Chukua kipande cha karatasi ujaribu kukiingiza chini ya hicho kibao, kikiingia ujue gundi imeachia, rudisha. Nenda freti ya kumi na mbili, pale shingo inapokutana na boksi, tazama nyuzi zimeinuka kiasi gani, milimita tatu mpaka nne kwa nailoni ni sawa, lakini kama penseli inapita chini yake hilo mtoto hatalikandamiza hata afundishwe na nani. Pitisha kiganja pembeni mwa shingo usikie kama freti zinakwaruza. Mtumba uliopita hivyo vipimo mi naona ni bora kuliko jipya linalong'aa tu.

Na likifika nyumbani msishtuke likipoteza tyuni kila saa, yaani sauti za nyuzi zikihama, nyuzi mpya za nailoni zinavutika siku kadhaa mpaka zitulie, pakueni programu ya kutyuni kwenye simu, zipo za bure, mkae na mtoto mtyuni pamoja kila anapoanza.

Kuna wazazi wananijibu kwamba hata Franco, yule mpiga gitaa maarufu wa Kongo, alianza na kigitaa cha kujitengenezea utotoni, mbona alifika. Ni kweli, lakini kile kilikuwa kigitaa cha mtoto kilichotengenezwa na mtoto, hakuna aliyempakatisha kitu kilichomzidi mwili.

Wenye maduka nanyi nawaomba, leteni saizi ya nusu na robo tatu kwa wingi, wekeni kiti mtoto akae ajaribu, na toeni zile nyuzi zenye kutu, angalau gitaa moja liwe limetyuniwa ili mzazi asikie anachonunua. Mteja akiuliza la mtoto wa miaka sita msimpe la mtu mzima kwa sababu ndo limebaki ukutani, mwambieni arudi mzigo ukiingia.

Ahsante mhariri.

Mwalimu wa gitaa, Morogoro