Wifi alijua kabla yangu, mimi mama nikaja kuambiwa na matroni

Shikamoo Anti,

Samahani kama maneno yatarukaruka, naandika kwenye simu usiku wa manane, nimegeuka kitandani hadi nimechoka.

Binti yangu yuko kidato cha tatu. Shule zilipofunguliwa Julai wasichana wakapimwa mkojo, wa kwangu akakutwa na mimba. Nikaitwa. Mimi pale ofisini nabisha, nawaambia kipimo chenu kibovu, mpimeni tena, huyu naishi naye, saa moja jioni yuko ndani. Mtoto akainama, akasema, "Mama, shangazi anajua."

Wifi yangu huyo. Anajua tangu mfungo wa Ramadhani! Sote tumefuturu pamoja, ananipakulia uji, ananiangalia usoni, kimya.

Nilipomfuata kwake akafungua pochi akatoa kipimo chenyewe, amekizungushia risiti ya duka la dawa. Mistari miwili, wa pili umefifia hadi uutafute kwenye mwanga. Nikasema huu mbona hauonekani. Akanijibu kwa sauti ile yake ya ualimu kwamba mstari hata ukififia ni mimba, ndiyo maana alimpeleka zahanati wakarudia kwa mkojo wa asubuhi. Anti, mimi nina watoto wanne, nifundishwe mistari na aliyezaa mmoja?

Kliniki kamuanzisha yeye, kadi anayo yeye, vidonge vya kuongeza damu anamhesabia yeye. Siku hizi wanataka uende na mwenza mpime VVU wote. Kule aliingia wifi. Anasema pia ndiye aliyemnyang'anya dawa za kutolea alizoletewa na rafiki yake. Hapo sawa, namshukuru, mtaani kwetu tumeshazika kwa dawa hizo. Lakini si angekuja kuniambia siku hiyohiyo? Mama ni nani?

Watu watasema mimi mkali. Ndiyo, mkali. Baba yao yuko na lori, leo Tunduma kesho Lubumbashi, nyumba nzima iko mgongoni kwangu, ningelea kwa kuchekacheka? Nilimwambia wazi tangu alipovunja ungo: ukiniletea mimba humu ndani utanitambua. Mama gani hasemi hivyo? Hata wifi kamwambia hivyohivyo wa kwake, namjua.

Kuhusu shule, mkuu wa shule amenieleza vizuri, hakunitukana. Alisema tangu waraka wa 2021 mtoto akishajifungua anaruhusiwa kurudi. Wakati wetu ukibainika, habari yako imeishia hapo. Deski mwenzangu alitolewa darasani mchana kweupe hatukumuona tena. Kwa hiyo nilitoka na nafuu kidogo. Kufika nyumbani, wifi ameshapanga: mtoto aende chuo cha maendeleo ya wananchi, wanapokea wenye watoto wachanga, wana na sehemu ya kuwalea mama akiwa darasani, anafanya mitihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Huenda ni wazo zuri. Mimi nataka arudi shule ileile, avae sare ileile. Ila pia nimefikiria nimpeleke kwa mama yangu kijijini hadi ajifungue, watu wasimuone. Usiniulize vyote viwili vitawezekanaje.

Kijana mwenyewe ni mwanafunzi wa kidato cha nne, miaka 17. Wazazi wake wametishika na ile sheria ya miaka 30 jela, wakaja kuomba yaishe kifamilia. Wamekwenda wapi? Kwa wifi! Wamepewa na chai. Mimi nimepata habari kwa muuza genge.

Sasa mtoto amehamia huko. Sikumfukuza, Anti, isije ikasemwa nimemfukuza. Nilisema tu "nenda kwa huyo mama yako," akachukua begi. Simu yangu hapokei, namsikia kwa nyuma wifi anapoongea. Sitaki arudi kwa sasa, moyo wangu bado. Ingawa jana nimenunua maziwa ya unga na dagaa wa Mwanza, nesi amesema damu yake iko chini, nimeviweka tu hapa, nani atavipeleka sijui. Siwezi mimi kwenda kubisha hodi kwa wifi kama mgeni anayeomba kuonana na mgonjwa. Au niende? Nikienda nianzie wapi, kwa mtoto au kwa huyo mwenye kadi? Na mume wangu, ambaye bado hajui, nimwambie mimi kwenye simu au nimuache dada yake amwambie, maana kuna uwezekano hata yeye ameshajua na mimi ndiye wa mwisho?

Ukinijibu usitaje habari za lori wala dagaa. Wifi naye anakusoma kila Jumapili.

Mama Wanne
Morogoro