Salamu za Pasaka, kwanza kwa waliofiwa

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu wa Busia, Tororo na Mbale, nanyi mlioko Kampala mkingoja basi lijae. Kristo amefufuka! Najua nauli imepanda, na kuku naye hashikiki bei, lakini sikukuu imetukuta tukiwa hai. Tumshukuru Mungu.

Mwaka huu naanza na waliofiwa. Wapo watakaofika kijijini wakute kiti cha mzee hakina mtu. Kwetu makaburi hayako mbali, yako hapohapo nyumbani, kando ya migomba. Ukishawasalimia walio hai, unapelekwa kwa waliolala. Unakuta saruji imepasuka pembeni, majani yameota kwa mvua hizi, na shangazi ameanika maharage juu ya kaburi la babu, maana ndipo penye jua zuri. Hakuna anayeshangaa. Nadhani hata babu mwenyewe asingekataa.

Ni hapo kaburini wanapojitokeza wale wa kumwambia mjane, "Mama, usilie, yuko mahali pema." Siku hizi maneno hayo yananikera. Yesu alipofika kwa Lazaro alilia machozi, na huku alijua fika kwamba anakwenda kumwita atoke. Paulo naye hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Alichowaambia ni wasihuzunike kama wengine wasio na matumaini. Kwa hiyo lia, mama. Huzuni yako haijaipunguza imani yako hata chembe.

Na Pasaka yenyewe haikuanza kwa vigelegele. Wanawake walidamka na manukato ya kuupaka mwili, wakiulizana njiani ni nani atakayewavingirishia jiwe. Walikuwa wanakwenda kumalizia mazishi, basi. Waliporudi na habari, mitume wakaona ni upuzi mtupu. Luka angeweza kuificha aibu hiyo ya wakubwa wa kanisa, lakini hakuificha, na kwangu hiyo ni sababu mojawapo ya kumwamini.

Sisi watu wa Uganda tuna kaburi letu la kusimulia. Februari 1977 Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana, aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari. Kanisa likachimba kaburi pale Namirembe, kwenye kanisa kuu jijini Kampala, jirani na kaburi la Askofu Hannington, mmisionari Mwingereza aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Mwili haukuletwa. Ulipelekwa Mucwini, kwao Kitgum, ukazikwa huko. Waumini walifika Namirembe hata hivyo, wakati ambapo kuonekana tu mahali pale kulikuwa hatari, wakasimama kulizunguka shimo lisilo na mtu. Yakasemwa palepale maneno ya malaika: hayupo hapa, amefufuka. Waliosimama pale hawakuwa wamesahau kwamba askofu wao amelala chini ya udongo wa Mucwini. Walijua. Lakini walijua pia kwamba aliyemuua hana neno la mwisho juu yake.

Nasema hivi kwa sababu wengi wetu tumeridhika na tumaini dogo, kwamba roho imepaa na mwili ndio umekwisha. Kila Jumapili tunakiri ufufuo wa mwili. Ile mikono iliyotulimia, ile sauti iliyotuita kwa majina ya utotoni, Mungu hajaitupa. Itakuwaje? Wakorintho waliuliza swali hilohilo, Paulo akamjibu muulizaji, "Ewe mpumbavu!" (mkali kidogo, mtume wetu), kisha akamwonyesha mbegu. Wiki hizi tunapanda mahindi. Hakuna anayefukia punje akitegemea kuvuna punje ileile jinsi ilivyoingia ardhini, wala hakuna anayeifukia kwa kuaga.

Basi, wa mjini mkifika, msiharakie nyama. Ng'oeni majani makaburini, mkawaombee na kuwataja kwa majina, watoto wakisikia. Jumatatu ya Pasaka ni mapumziko, kwa hiyo mpigie simu yule aliyefiwa mwaka huu, au mpitie kwake ukakae naye. Ukikosa la kusema, nyamaza, kunywa chai yake. Nanyi madereva, tafadhalini, barabara ni telezi na abiria wenu wanangojwa nyumbani.

Pasaka njema kwenu nyote.